Mfungo Nane Ulitimia Thelathini

Shemeji Twalibu,

"Tarehe isiyoweza kupigiwa hesabu si tarehe, ni uvumi." Maneno hayo ni ya Dennis, mwenzako wa Nairobi ambaye mlikuwa mkiitunza pamoja maktaba yako ya kompyuta ya tarehe. Ameyaandika hadharani, pale mnapojadiliana kazi zenu, akipendekeza faili lako la miezi lifutwe. Pendekezo litapitishwa Ijumaa asipotokea wa kulipinga. Mimi nalipinga. Najua ungenicheka: "Haya, bwana makala kashika kalamu!"

Nianze na huo uvumi. Maktaba yako ina kazi moja. Programu nyingine huiuliza tarehe fulani ya miladi ni ngapi kwa hijria, au saa ya Mombasa ni saa ngapi kwingine duniani, nayo hujibu. Humo ndani mna orodha ndefu ya serikali zilizosogeza saa mbele na nyuma. Ni hesabu gani iliyomwambia Dennis kwamba mawaziri wa nchi fulani wangeamua hivyo? Hakuna. Mtu alisikia tangazo, akaliandika. Orodha hiyo Dennis haigusi. Lakini faili lako, ambamo kila mwezi uliandika kama mwezi umeandama kwa ishirini na tisa au umetimia thelathini, nani aliuona na alisimama wapi, hilo ndilo uvumi! Amri ya waziri ni ushahidi, na mtu mzima aliyeuona mwezi kwa macho yake ni mpiga porojo?

Anasema pia kwamba wenyewe kwa wenyewe hatukubaliani. Kweli. Mombasa hugombana hata siku ya Idi. Ndiyo maana ulipopata kauli mbili uliandika zote mbili, kila moja na mashahidi wake, ukamwachia mtu achague. Uvumi hauna majina. Faili lako lina majina.

Ningeishia hapa ningekuwa nimeshinda. Lakini barua hii ni yako, na kwako siwezi kusema nusu.

Tulikuzika katikati ya mfungo sita, mwezi wa sita tangu Ramadhani. Dada yangu Zuhura akaingia eda, kukaa ndani miezi minne na siku kumi, katika chumba chenu cha juu chenye dirisha la kuelekea kichochoroni. Katika simu yake mlikuwa na programu ya kalenda inayotumia kazi yako. Wewe mwenyewe ulimwekea. Ikawa ndiyo inayomhesabia siku zako.

Jumatatu ile wanawake walikuja kumtoa eda. Shangazi kaleta udi na leso mpya, maji ya kuoga yako tayari. Mimi nilikuwa chini barazani. Nikasikia, "Kaka, panda!" Nikapanda.

"Simu hii yanambia leo ndio mwisho," Zuhura akasema. "Mie hesabu yangu ni kesho."

Nikamwambia kazi ya mumewe haikosei. Nilisema kwa ile sauti unayoijua, ya mtu aliyezoea kuwa na neno la mwisho. Shangazi akadakia, "Mwanangu, eda si tende ati, waongeza moja ya utamu!" Wakacheka wote. Zuhura hakucheka.

"Mfungo nane ulitimia thelathini. Ilikuwa mvua. Bi Salma wa nyumba ya pili alipanda darini, akashuka karowa chepechepe, akanipigia kelele hapa dirishani: haukuonekana! Wewe, kaka, ulikuwa wapi?"

Magharibi ilikuwa inakaribia. Kama simu imekosea, basi tulikuwa tunamtoa mkeo kabla hajakutimizia siku zako, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsukuma. Nikakaa kwenye ngazi, nikafungua faili lako. Mstari wako wa mwisho ulikuwa wa kuandama kwa mfungo sita: umeonekana, shahidi Zuhura, darini kwetu.

Chini yake, hakuna kitu.

Mfungo saba haukuandikwa. Nane haukuandikwa. Tisa, Rajabu, kimya. Na mstari ukikosekana, maktaba hujipigia hesabu yenyewe bila kumwambia mtu. Hesabu iliupa mfungo nane siku ishirini na tisa, na ile siku moja haikurudi tena.

Shemeji, wakumbuka ulivyonifundisha? Ni kwenye ngazi ile ile, jioni, umetoka kazini Shimanzi na vumbi la malori kwenye kola. Dakika tano tu. Ukanifungulia njia ya kuandika humo, ukasema, "Nisipokuwepo, usiache shimo." Nikadhani wazungumzia safari.

Tangu ufe nimechapisha makala tatu kali juu ya urithi wetu unaofutwa. Tatu! Nimewatukana wakubwa na wadogo. Katika faili lako sikuandika hata mstari mmoja. Shimo si la Dennis. Nililichimba mimi.

Nilirudi juu nikamwambia Zuhura ukweli. Akanitazama sana. "Kalamu yako yaweza kumvua mtu nguo katikati ya Marikiti," akasema, "mstari mmoja ukakushinda?"

Shangazi akauzima udi. Wanawake wakarudi makwao. Zuhura akakaa hadi Jumanne, na adhana ya magharibi ilipokwisha akafungua mlango, bado kavaa nguo zake za eda. Hakuuliza leso wala maji. Aliniuliza, "Ushaandika?"

Nilikuwa nimeandika. Asubuhi hiyo nilibisha kwa Bi Salma, kisha kwa wengine ambao majina yao niliyaona katika mistari yako ya zamani. Sasa pale pa mfungo nane pameandikwa: umetimia thelathini, mvua, haukuonekana, Bi Salma, darini kwake.

Kwaheri, shemeji. Ulitutazamia mwezi miaka yote hiyo. Mola akuwekee nuru huko uliko. Nakuahidi kila ishirini na tisa nitakuwa darini kwenu, na mstari wako utaandikwa kabla sijaandika neno langu lolote.

Na sasa nyinyi, Dennis na wenzako wawili wenye funguo za maktaba hii, kwa kuwa barua hii nimeibandika chini ya pendekezo lenu. Liondoeni kabla ya Ijumaa. Faili libaki. Na pale mstari unapokosekana, ifanyeni maktaba iseme waziwazi kwamba inakisia, kwa maana huenda juu ya ngazi fulani yuko mjane ameishika simu, na anaiamini.