Kivimbe Shavuni mwa Ikram

Jumatatu, 1 Septemba

Dokta Telesphory kakibonyeza kivimbe cha mwanangu Ikram. Kigumu kama kokwa ya mchikichi. Hajui ni nini, na akikata bila kujua, itabidi akate kwa upana. Shavu la binti wa miaka kumi na minne! Upana gani? Eti sentimita nne. Kivimbe chenyewe nimekipima: milimita kumi na moja. Hesabu gani hiyo! Basi, kasema, tupige ultrasaundi kwanza. Jumatano ya wiki ijayo.

Jumapili, 7 Septemba

Nimetoka kijijini Simbo kuchukua mawese, nakuta wifi Hadija kamlaza Ikram mkekani, anamkanda shavu kwa mawese ya moto na chumvi. Eti uvimbe haupigwi picha, picha ni za wajawazito. Shavu limeumuka, jekundu! Mbona hukuniuliza, wifi? "Mtoto ni wa kaka yangu." Kaka yako yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, tangu mfungo. Anayelisha nyumba hii ni mimi — na wewe umo.

Jumatano, 10 Septemba

Foleni nzima wajawazito. Mama mmoja wa Bangwe kamtazama Ikram na sare zake za shule, kaguna: makubwa, na haka nako? Nikampa yake: huyu anapimwa shavu, dada, we shughulika na tumbo lako! Wakacheka. Ikram kavuta ushungi hadi puani.

Kwenye kioo, vichembe vyeupe kama chokaa, nyuma yake kivuli. Dokta kasema kuna uvimbe adimu, unaota kwenye shina la nywele, nao huwa na chokaa hivyo. Si saratani. Hutolewa kwa mkato mdogo tu. Alhamdulillahi! Lakini kauliza: mmepakanda? Damu imejaa pembeni, mpaka wa uvimbe hauonekani, hawezi kuapa. Turudi baada ya wiki mbili, pasiguswe.

Ulimi ulitaka kumtaja wifi. Nikasema tumekanda.

Jumatano, 24 Septemba

Niko kwenye benchi, mlangoni. Ikram yuko ndani. Dokta kamwita mwenzake aje atazame — kwa nini? Jambo jepesi halitaki macho manne. Wifi kaja nasi. Kanishika mkono. Sijautoa.

Mlango! Ikram katoka, kachorwa kwa kalamu mstari wa mkato shavuni. Naukadiria kwa jicho — haufiki hata sentimita mbili. Haufiki! Ni ule mkato mdogo. Dokta anasema, kaa kwanza, mama, nikueleze —