Baiskeli ya Marehemu Baba

Kwako kaka yangu,

Barua yako nimeipata. Huku tu wazima, na kuku wangu mweusi ameangua vifaranga saba. Nasikia wako siku hizi anatagia ndani ya gari.

Pole kwa petroli kupanda. Siku ya kugawana urithi ulichukua gari la baba, ukaniambia mbele ya shangazi, "Wewe dada, baiskeli inakutosha, kwani una pa kwenda?" Leo unaniomba baiskeli hiyohiyo, usije ukafukuzwa kazi kwa kuchelewa.

Kukuazima, siwezi. Kukubeba, nitakubeba. Jumatatu asubuhi vaa tai yako, ukae nyuma kwenye keria. Tutapitia lango kuu, pale wanaposimama wenzako wote.

Kengele nimeshaitengeneza.

Ni mimi dada yako, nisiye na pa kwenda.