Jina la Baba Limeitikiwa

Na tai, Mama, alivaa ileile uliyomchagulia, wenzake wakamtania hadi ukumbini: "Bwana harusi, fungate haijaisha tu?" Mume wangu huyo! Nikiandika "mume wangu" natamani kuruka.

Pale wizarani, siku ya kuwaenzi wanadiplomasia wetu waliouawa ugenini, ofisa mpya kuliko wote ndiye husoma majina, na kila familia huitikia, "Yupo nasi." Mwaka huu ikawa zamu yake. Waziri alilaani vikali mashambulizi dhidi ya balozi zetu. Alisema anayelipua ubalozi amemuua mgeni aliyepiga hodi na kukaribishwa. Kisha mume wangu akafika kwenye jina la Baba, akalisoma huku akinitazama. Tangu bomu lile la ubalozini lilipomchukua Baba, hakuna aliyewahi kumwitikia, maana wewe hukutaka kukanyaga pale. Basi nikasimama, nikaitikia kwa sauti iliyomshtua hata waziri! Ukumbi mzima ukanifuata. Mama, nilicheka huku nalia.

Sasa kaa chini kwanza. Amepangiwa kituo, na ni ubalozi uleule. Kwake ni heshima, nami nitamfuata, ila ameapa hapandi ndege bila radhi yako.

Tunakuja kabla mwezi haujaisha. Ukisikia hodi, usifungue upesi. Mwite kwa jina lake, nami nisikie akikujibu mwenyewe, "Nipo, Mama."

Mwanao, mke wa mtu (hata mimi siamini!),
Kitindamimba wako