Harambee ya Tajiri wa Romania

Dixon Road, Toronto

Mdogo wangu Kipchirchir,

Huku tuko salama. Theluji imeanza, na jirani yetu Nkirote amejifungua msichana. Sasa nisikilize.

Kitimu chenu cha kijijini kilipopanda ligi kuu ya Romania, nilirukaruka kanisani bila aibu. Leo mwenye timu anasema amefilisika, hamjalipwa, halafu anakutuma uniombe niitishe harambee huku? Wauguzi na watu wa viwandani wamlipie madeni mtu aliyejinunulia helikopta mlipopanda daraja? Hana haya!

Mwambie kwetu mgeni wa heshima hutoa kwanza, watu wote wakimtazama. Yeye ametoa nini?

Nawe unasema hali si mbaya. Mbona uliponipigia simu ya video ulikuwa kitandani umevaa glavu zako za ukipa? Wamewazimia hita za nyumba, sivyo? Mama sijamwambia.

Harambee niliitisha Jumapili, na watu wakatoa. Nimekukatia tiketi ya ndege mpaka Eldoret. Ina jina lako, si la timu. Jezi yao waachie. Glavu rudi nazo nyumbani.

Dada yako, hasira bado hazijaisha,
Chepkoech