Dawa ya Viatu kwa Mzee wa Papua

Champlin, Marekani, 6 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, na upweke umenizidi. Kazi ni ileile, kumtunza Mzee Davis nyumbani kwake. Hatembelewi na mtu. Tuko wawili tu na vinyago vyake vya miti vya visiwa vya Pasifiki, alivyokusanya tangu ujana. Anachokipenda zaidi ni kinyago cha mzee mmoja wa Papua, pua ndefu mpaka kitovuni. Jioni hunisimulia alivyokipata, na hiyo ndiyo saa pekee mtu anaongea nami. Lakini kimechakaa, baba, masizi na udongo mtupu. Nataka niking'arishe kabla ya siku yake ya kuzaliwa, nimfurahishe. Wewe mchongaji, nikipake nini?

Mwanao,
Laurencia

Masasi, 22 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, mdomo mzima. Mtoto wa Mmakonde unauliza hilo kweli? Msasa laini, kisha dawa ya viatu, kisha brashi mpaka ujione uso. Wazungu wa huku hawanunui kinyago kisichong'aa. Msalimie mzee mwenzangu.

Baba yako

Champlin, 30 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilifanya ulivyosema, kikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mzee alipokiona alilia. Kumbe yale masizi ni moshi wa nyumba ya wazee wa huko Papua, na ule udongo waliupaka kwa mikono yao. Ndicho alichokipenda. Hakunifukuza. Heri angenifukuza. Hadithi zimekwisha, nakula jikoni peke yangu nikisikiliza friji.

Mwanao

Masasi, 14 Aprili

Mwanangu,

Pole. Nimeona haya. Sisi tunachonga vya kuuza. Sijawahi kukaa na kinyago hata mwezi. Sikujua kuna mtu anatunza moshi. Mwambie mchongaji wa Masasi anaomba radhi. Akitaka kugomba, agombe na mimi, si na mtoto.

Baba yako

Champlin, 4 Mei

Baba,

Shikamoo. U mzima? Nilimpelekea barua yako, nikamtafsiria. Akasema, "Sasa isome alivyoiandika." Nikasoma kwa Kiswahili, naye haelewi hata neno. Nilipomaliza alikuwa amefumba macho. Akasema, "Tena."

Jana kaniuliza kama imekuja nyingine. Andika, baba. Kama huna la kusema, andika hata bei ya korosho.

Mwanao,
Laurencia