Majina Ndani ya Bawa: Mwaka Mmoja Bila Zephaniah Mwakio

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ya tarehe 9 Agosti 1977 ulipotutoka hapa Voi. Watu walituambia uchungu hupoa. Wetu haujapoa, na leo tuna habari mbaya ambayo hatuna budi kukupa.

Ulikuwa fundi wa reli, mkimya, mpenda chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikakaribia kuwa uji. Shamba la mkonge lilipotaka kuchoma ile ndege kuukuu ya mabawa mawili mawili, ya mbao na kitambaa, ya tangu kabla ya vita, uliiomba, ukaileta nyumbani kwa trekta vipande vipande. Majirani walicheka, wakasema Mwakio anafuga ndege asiyetaga. Uliwapa chai, ukaendelea na kazi miaka tisa.

Mkeo Wakesho alinuna mwaka wa kwanza. Halafu ukavua kitambaa kilichooza, ukamwita aone: ndani ya bawa, kwenye mbao, mafundi wa zamani waliowahi kuikarabati walikuwa wameandika majina yao kwa penseli. Mmoja alikuwa Oloo, 1943, ambaye hapakuwa na aliyejua habari zake. Tangu siku hiyo mama alishika sindano, akakushonea mabawa yote manne. Uliandika jina lake na lako chini ya Oloo. Tulipokusihi uyanakili yote kwenye daftari, ulikataa.

"Jina la fundi hukaa penye kazi yake," ulisema.

Ulipozidiwa ulimshika mama mkono. "Wakesho, bwana Phineas wa Nairobi, yule rubani tuliyeahidiana, akija kuichukua, aikute nzima. Iruke." Akakuahidi.

Mabawa ulikuwa umeyalaza bandani juu ya meza mbili ndefu, kila mguu ndani ya debe lenye mafuta machafu ya injini. Siku ya mazishi maji yaliletwa na lori la tangi, na sisi watu wa Sagalla, tuliozoea uhaba wa maji, tunajijua: maji yakija, hakuna chombo kinachoachwa. Waombolezaji walikuwa wengi. "Toeni hata yale madebe ya bandani, myasugue na majivu," mama alisema. Yalitolewa yote manane. Hatukuyarudisha. Kabati lake la jikoni limesimama kwenye mikebe ya maji hadi leo kuzuia sisimizi, lakini siku ile akili yake ilikuwa kaburini.

Kila Jumamosi alipangusa vumbi juu ya kitambaa. Juu palikuwa pazuri. Chini, nyuma ya magunia tuliyofunikia meza, mchwa walikuwa wakipanda.

Phineas alikuja mwezi uliopita. Alibonyeza bawa, kidole kikazama.

"Mama, mbao imekwisha. Kimebaki kitambaa tu."

"Angalia lile lingine," mama alisema.

Aliyaangalia yote manne. Kisha mama mwenyewe akafumua mshono wake, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kutafuta palipoandikwa, akautoa umejaa udongo. Phineas alivua kofia kama aliyefika msibani, akaondoka na injini peke yake.

Majina yalikuwa saba. Tumekaa, tumekumbuka manne. Mama haendi tena bandani, na kanisani hukaa nyuma kabisa karibu na mlango. Anasema ulimwachia neno moja tu, na hakulitimiza. Tryphena, dada yako, alimwambia juzi, "Wifi, Zephaniah angekusamehe hata kabla hujamaliza kueleza."

"Najua angenisamehe," mama akajibu. "Hilo ndilo linaloniua."

Wanaokukumbuka ni mkeo Wakesho, wanao Gibson, Elsie na Mable, dada yako Tryphena wa Marungu, na mafundi wenzako wa reli. Hatukulinda ulichotuachia, Baba. Tutakukumbuka maisha yetu yote.