Siku Niliyokaa Kimya kwa Kiasi

Mwalimu wangu, Mkongo wangu,

Usianze kusahihisha. Niliishia darasa la nne, na huko uliko sidhani kama wanagawa kalamu nyekundu.

Chumba chako hapa Alexandra amekipanga kijana wa Kirundi. Anapiga muziki mpaka mabati yanacheza. Kule Randburg wameweka mlinzi mpya kwenye geti ulilokuwa ukilinda, hata salamu hana. Nilimuuliza kama anasoma vitabu, akanitazama kama nimemwomba figo.

Nilikucheka sana, wewe na yule Mgiriki wako wa kale wa kwenye kitabu kisicho na jalada. Mtu umeacha ualimu Uvira, unalinda magari ya watu, halafu unanisomesha maadili mimi muuza mitumba! Ulisema wema unakaa kati ya kuzidi na kupungua. Nikasema basi wake za watu nitawapenda nusu. Chai ikakutoka puani. "Hapana, mzee! Bibi ya mtu haina kiasi! Na kiasi haiko nusu!" Ukaniwekea pilipili ya kwenu, kijiko kilekile unachokula wewe kila siku, nikatoa machozi mbele ya wapangaji wote. Ndipo nikaelewa kwamba kiasi chako si kiasi changu.

Na ushujaa je, nikakuuliza, majambazi wakija na bunduki tano? Ukasema anayekimbia kabla hajawaona ni mwoga, anayewatunishia kifua ni mjinga. Na anayebonyeza kengele akaingia chini ya meza? "Huyo njo miye!" ukajibu, ukijigonga kifua.

Sasa sina wa kumtania. Halafu kuna jambo, Mwalimu. Nimelizunguka vya kutosha.

Ile asubuhi kifua kilipokubana nilikufikisha kliniki. Mlinzi wa mlangoni, mwenzako wa kazi, akatazama karatasi zako za kuishi huku, zilizoisha muda, akasema kaeni pale. Tukakaa. Mimi! Mimi ninayegombana na teksi nzima kwa sababu ya dirisha. Siku hiyo nikajiambia, Shomari, leo usizidi. Sisi wa kuja, tukifungua mdomo tu lafudhi inatuchongea, basi nikashusha sauti ikawa kama ya mtu aliyekwenda kuposa. "Samahani, bosi." Mara tatu nilisimama, mara tatu nikaambiwa subiri, nikashukuru. Nikashukuru! Nilijiona nimefuzu somo lako.

Wewe ulikuwa umenishika mkono wa shati, unavuta. Ulitaka nitulie, au ulitaka nipige kelele? Nimelivaa tena shati lile, nimelivuta mwenyewe kama ulivyolivuta.

Walipokuita, ulikuwa umeshanyamaza.

Eish. Baada ya kukuzika ndipo nikakumbuka ulichowahi kuniambia, kwamba asiyekasirika panapostahili naye amepungukiwa. Kichwa gani hiki kinachokumbuka wakati mtu ameshafukiwa?

Na ubaya mwingine nimeufanya mwenyewe. Binti yako Furaha aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa huku: "Papa Shomari, papa aliumia?" Nikasema hapana, madaktari walimzunguka, alilala tu. Nilitaka kumpoza kidogo. Kumbe akaisimulia habari hiyo kanisani, watu wakapiga makofi. Sasa ameagiza keki kubwa. Ijumaa anaipeleka kliniki kuwashukuru, na anataka mimi niibebe.

Niibebe, Mwalimu! Nimpite nayo yule mlinzi mlangoni!

Nimetafuta kiasi cha ukweli kinachomfaa yule binti, sikioni. Nikimpa kidogo, nabaki mwongo yuleyule. Nikimpa wote, namvunja. Nimefungua hata kitabu chako. Ni Kifaransa mwanzo mwisho, nakikodolea macho tu kama mbuzi. Wa kuniambia ulikuwa wewe, nawe umekufa. Ndiyo tabia gani hiyo?

Haya, pumzika, mtani wangu. Kesho Alhamisi, kabla keki haijatoka dukani, nitamwambia Furaha jinsi nilivyokaa kwenye lile benchi, na jinsi nilivyosema asante. Na nakuahidi, akipiga kelele, sitamwambia apunguze.

Wako,
Shomari